Tulivyomkimbilia Mama Wafula kwa Gari Linalozimika

Tangu turudi mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na Jumatano mkaniuliza kwenye chama chetu cha akiba hata kabla sijavuta kiti. "Mwalimu, mlifika? Mama alimkuta?" Niliwajibu kwa mkato kwa sababu mgongo ulikuwa bado unauma, na mambo haya hayaelezeki mtu akiwa amesimama. Sasa nimekaa. Nitawaandikia yote mara moja, kisha mniache nipumzike.

Kwa wale ambao hawakumjua Mama Wafula, alikuwa jirani yetu kule shambani nje ya Kitale kwa zaidi ya miaka thelathini. Sisi asili yetu ni Mkoa wa Kati, yeye ni Mbukusu wa huku magharibi. Nilipozaliwa, mama yangu alilazwa hospitalini miezi mitatu. Mama Wafula alikuwa ananyonyesha Wafula wake, basi akanichukua, titi moja la Wafula na moja langu. Mama aliporudi alinikuta nimenenepa kuliko alivyoniacha. Shukrani hazikusemwa. Mama anasema mwanzoni alikuwa dhaifu, halafu akaona haya, halafu miaka ikapita, na mtu unayeonana naye uani kila siku utaanzaje kumwambia asante ya mwaka juzi? Kisha Mama Wafula akafiwa na mumewe, akarudi kwao Lwakhakha, mpakani.

Majuzi Wafula alinipigia simu. Macho ya mama yake yamefifia, haoni vizuri hata jiko, na Nekesa, dada yake Wafula aliyebaki mjane kule Mbale, Uganda, anakuja na gari la kukodi kumchukua wakaishi pamoja. Jumamosi, saa nne asubuhi wanaondoka. Mama yangu ana miaka themanini na mitatu. Aliweka kikombe chini, akasema, "Akivuka simwoni tena. Nipeleke."

Jambo moja zaidi, mtalihitaji mbele. Mama yangu hali kuku. Alikua wakati ambapo kwao kuku hakuwa chakula cha mtu mzima, na hajabadilika. Kwa Mama Wafula, mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa. Kila Krismasi alituletea sahani yenye paja la kuku, mama akaipokea kwa mikono miwili, na sisi watoto tukaimaliza nyuma ya nyumba. Tulidhani Mama Wafula hajui.

Kitale hadi Kiminini

Pikapu yangu mnaijua. Ilikuwa imeanza tabia ya kuzimika njiani, ghafla, bila kukohoa, kama mtu amezima taa. Ukisubiri, inawaka. Fundi wangu, Njoroge, ambaye karakana yake iko upande wa Kipsongo, aliipima Alhamisi asubuhi ikiwa imelala kwangu usiku kucha. Alinionyesha sensa ya krenki, kidude kidogo cheusi kilichoshikiliwa na bolti moja chini mbele ya injini. Kazi yake, alisema, ni kuiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ikinyamaza, gari linadhani limesimama, linakata moto. Akachomoa soketi, akaweka ncha mbili za mita yake kwenye pini mbili za sensa, namba ikaja: mia nane na sitini.

"Hii ni nzima kabisa, Mwalimu," alisema. "Ikiwa imekufa haingesoma kitu. Hii shida ni plagi." Akabadilisha plagi.

Tuliondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Mama alikaa mbele na mkoba wake mapajani, nyuma tulikuwa na gunia la viazi na kabichi za Mama Wafula. Tungeweza kupitia Kimilili, ni karibu zaidi, lakini Wafula anafanya kazi ya shamba pale Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, na ndiye pekee aliyejua nyumba mpya ya mama yake. Kwa hiyo tulikuwa tulale kwake, Jumamosi tuendelee naye.

Kabla hata hatujamaliza mji, mama alianza kufanya mazoezi. Alikuwa ameandaa hotuba. "Mama Wafula, nimekuja na miguu yangu na mdomo wangu. Huyu mtoto..." Akanigeukia. "Niseme huyu mtoto, ama niseme Nyambura?"

"Sema unavyotaka, Maitu," nilimjibu mama.

"Umri wako si wa mtoto."

Tulipita Kiminini tukiwa bado tunajadili umri wangu, na hapo gari likazima. Nilizungusha ufunguo, stata ikazunguka vizuri tu, injini ikakataa. Nilikaa nimeshika usukani. Saa tatu asubuhi, na tayari nilikuwa nimechoka.

Tulikuwa mbele ya lango la watu. Alitoka mama mmoja na kitambaa kichwani, akatuangalia, akamwona mama yangu, basi ikawa imeisha. "Ati mukae kwa gari na mama mzee hivi? Hapana, bana. Kujeni ndani. Fundi nitawaitia, ni shemeji yangu." Tukaingia. Tukaletewa chai ya maziwa na viazi vitamu. Fundi alifika kwa pikipiki baada ya robo saa, akanawa mikono, na yeye akawekewa kikombe. Nilimwambia tuna haraka. Alinitazama kwa huruma.

"Madam, kwanza chai. Injini haiendi mahali."

Mama yangu hakatai chai ya mtu. Kuku atakataa, lakini chai ya mtu kuikataa kwake ni tusi. Walizungumza mahindi, wakazungumza mvua, wakagundua kwamba dada yake mwenye nyumba aliolewa karibu na shamba letu. Saa nne na nusu ndipo fundi alipoinuka. Alichomoa ile soketi, akaweka mita. Mia nane na sitini.

"Sensa iko poa," alisema. Akawasha, gari likaitika mara moja. Alisema ni uchafu kwenye pampu ya mafuta, akapigapiga tangi kwa mpini wa spana, na sisi tukamshukuru kwa dhati.

Kiminini hadi Mabanga

Tulipita Kamukuywa vizuri. Nilianza kuimba. Sitaimba tena kwenye gari lile, kwa sababu tulipokaribia Misikhu lilizima katikati ya ubeti, na lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi mpaka mama akaziba masikio.

Safari hii tuliangukia kwenye boma la kanisa dogo ambako akina mama walikuwa na maombi ya mchana. Waliacha kusukuma maombi wakaja kusukuma gari. Watu wazuri, siwezi kuwasema vibaya, na hapo ndipo ilipokuwa shida yangu yote. Mmoja wao alimtuma mtu amwite fundi sokoni. Wengine walituketisha chini ya turubai, wakatunawisha mikono, na kabla sijaeleza chochote mbele ya mama yangu kulikuwa na ugali na kuku wa kienyeji, mguu mzima.

Mama alisema, "Asanteni sana. Mimi nitakula ugali na mboga."

Yule aliyekuwa akigawa chakula alitazama sahani, akatazama mama. "Kuku imekosa nini, Mama?"

"Haijakosa. Mimi tu sili."

Wakanong'onezana. Baadaye niliambiwa kwamba kundi moja lilidhani mama ni wa dhehebu lisilokula nyama, na lingine lilidhani anaogopa kuwekewa kitu. Mwenye kugawa alichukua kipande kutoka sahani ile ile, akala mbele yetu, akameza, akafungua mdomo kuonyesha. "Ona, Mama. Iko salama." Kisha wakamwita mchungaji aje akiombee kile chakula upya. Aliomba kwa kirefu sana. Mguu wa kuku ulipoa, mimi nilitamani ardhi ipasuke, na mama alisema amina, akala ugali na mboga.

Mguu niliula mimi. Nilikuwa na miaka sitini na zaidi nikila kuku wa mama yangu kwa niaba yake, tofauti na zamani ikiwa tu kwamba sasa sikujificha.

Fundi wa Misikhu alikuwa amekula nasi tangu mwanzo hadi mwisho. Alifungua boneti saa nane. Aliweka mita. Nilisema namba kabla yake, "Mia nane na sitini," naye akashtuka. "Umejuaje?" Alisema gari lina waya unaogusa mahali, akafunga tepu nyeusi kwenye kila waya aliouona. Likawaka.

Webuye lilizima tena, penye mlima. Hapo hakukuwa na mtu wa kutulisha, tulikaa tu ndani ya gari na madirisha wazi, jua likituchoma, mpaka likaamua lenyewe kuwaka. Mama alirudia hotuba yake mara tatu. Ya tatu aliisahau katikati, akaanza upya, akaacha. Alinishika mkono.

"Nyambura, tukichelewa je?"

Nilimwambia hatutachelewa. Sikuamini nilichosema, na yeye alijua. Niliogopa, nawaambia ukweli. Niliogopa kumrudisha nyumbani na maneno yake mdomoni.

Tuliingia Mabanga saa kumi na moja jioni, safari ya saa mbili imetuchukua tisa. Wafula alitupokea kwa kelele. Tulinyonya pamoja mimi na yeye, ila yeye hakuwahi kuacha kula, na tumbo lake sasa linatangulia mlangoni. "Dada! Nilifikiri mumeenda Kampala!" Anaishi chumba kimoja cha wafanyakazi, ndiyo maana mama yake hakuweza kuja kwake. Alimlaza mama kitandani, akaniwekea mimi godoro, yeye na mkewe wakaenda kwa jirani. Nililala kama gunia.

Mabanga hadi Chwele

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili na nusu. Mke wa Wafula alikuwa ameamka mapema kukaanga mandazi, na huwezi kumwacha mtu aliyekupa kitanda chake amesimama na sinia. Tuliondoka saa mbili kasorobo. Wafula alipanda nyuma na viazi, kwa sababu yeye na mama wasingetosha mbele. Alijaribu kumpigia tena mama yake, ambaye alijua tunakuja, amweleze tunachelewa, lakini kule mpakani simu hunasa mtandao wa ng'ambo, na hakupatikana yeye wala Nekesa.

Tulipita Chwele soko likianza kujaa. Hatujaenda mbali, gari likazima. Sikulia tu kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Saa tatu kasorobo. Nekesa na dereva wake wangeondoka saa nne.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa na fremu za pikipiki zimeegemezwa ukutani na mlango wa karakana umefungwa kwa kufuli. Nje alisimama mzee mmoja ndani ya suti ya kahawia, tai shingoni, Biblia kwapani, na mkewe kando yake amevaa nyeupe. Wafula alishuka akamsalimia, wakaulizana koo zao, akarudi kwetu amekunja uso. "Huyu ni Mzee Barasa. Ni fundi mzuri sana. Rakini ni Msabato, na leo ni Jumamosi."

Nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza yote, mama, Mama Wafula, maziwa, macho, saa nne. Sikuwa na nguvu ya kupamba. Mzee Barasa alisikiliza akiangalia viatu vyangu.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Mimi leo sishiki spana. Hata ingekuwa gari ya mtoto wangu. Na tungewakaribisha chai, rakini leo hatuwashi moto, chakula tulipika jana."

"Sitaki chai," nilisema. Nadhani nilisema kwa ukali.

Alitazama barabara ya kanisani, akatazama mama yangu ndani ya gari. Kisha akamwambia mkewe, "Leta ile mita iko kwa kabati." Akanigeukia. "Mimi sitashika kitu. Macho hayafanyi kazi, yanaangalia tu. Wewe una mikono?"

Basi nililala chini ya gari langu na gauni la kitenge nililoshonesha kwa ajili ya Lwakhakha, juu ya gunia tupu. Wafula asingeweza kuingia, hakuna gari lenye nafasi ya tumbo lile, kwa hiyo alitumwa mtoni na mtungi. Mzee Barasa alichuchumaa mbali kidogo asichafue suruali, akanielekeza.

"Ona puli ya krenki, ile gurudumu ya mkanda. Kando yake kuna kitu nyeusi, ya bolti moja. Chomoa soketi yake. Finya ile klipu kwanza."

"Inachoma!"

"Ndiyo, itachoma. Injini si imetoka kutembea? Finya."

Nilifinya, vidole vikaungua, soketi ikatoka. Mkewe alinipitishia mita. Mzee aliniambia nizungushe kitufe hadi kwenye alama inayofanana na kiatu cha farasi, niguse pini moja kwa ncha nyekundu na nyingine kwa nyeusi, nimsomee.

"Itakuwa mia nane na sitini," nilisema.

"Usiniambie itakuwa. Nisomee."

Nikasoma. Hakukuwa na namba. Kulikuwa na herufi mbili zilizosimama pale bila kutikisika. Niligusa tena, nikabonyeza kwa nguvu. Herufi zile zile.

"Iko wazi," alisema Mzee Barasa. "Waya imekatika huko ndani. Wale wengine waliipima ikiwa namna gani?"

"Walipata mia nane na sitini. Wote watatu."

"Mara moja gari ikizima? Ama baadaye?"

Nilikuwa chini ya gari, mafuta yananidondokea shavuni, na nikaona kila kitu. Njoroge aliipima asubuhi, gari limelala. Kiminini tulikunywa chai. Misikhu tulikula, tukaombewa, tukala tena. Kila mtu aliyetutakia mema aliipa injini muda wa kupoa, na injini ikipoa ile waya iliyokatika inarudi kugusana, na mita inasoma namba nzuri, na fundi anafuta mdomo na kusema ni nzima.

"Baada ya chai," nilisema.

Mzee Barasa alicheka mpaka akashika goti. "Ai! Mwalimu! Hiyo ni sisi kabisa. Hata mimi, ingekuwa jana, ningewapatia chai kwanza." Akapangusa macho. "Sasa chukua hiyo maji ameleta. Mwagia hiyo sensa polepole. Pima tena."

Wafula alikuwa amefika akihema. Nilimwaga maji, mvuke ukanipanda usoni. Nilingoja kidogo, nikamwaga tena, nikagusa pini. Herufi zilitikisika, zikapotea. Mia tisa na kumi. Mia nane na tisini. Mia nane na sitini.

Sensa mpya hakuwa nayo, na angekuwa nayo asingeniuzia siku ile. Aliniambia nifunge kitambaa kilicholowa juu yake kwa kamba, mbali na mkanda wa injini, na kila gari likizima nisiite mtu, nimwage maji tu na kuendelea. Nilimuuliza nimpe nini. Alisema leo hapokei kitu, nipite siku nyingine nimweleze kama tulimkuta. Akachukua Biblia, wakaanza kutembea kanisani. Walikuwa wamechelewa kwa ajili yetu.

Chwele hadi Lwakhakha

Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Sikumwambia mama saa, lakini ana saa yake ya mkononi, kwa maana simu yangu haiamini.

Gari lilizima Sirisia. Nikalala chini, nikamwaga maji. Likazima tena mbele. Nikalala chini. Mara ya tatu hata gunia sikutandika. Wafula alikuwa akishuka kuchota maji popote alipoona mfereji. Jasho na tope vilikuwa vimeharibu kitenge kabisa. Mama hakurudia hotuba. Alikuwa ameshika mkoba wake na kuangalia mbele.

Tuliingia Lwakhakha saa sita na dakika kumi. Nilijua tumechelewa. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia mama wakati Wafula alipogonga paa la gari kwa ngumi. "Iko! Gari bado iko!"

Nje ya nyumba ndogo ya bati kulikuwa na gari jeupe la namba za Uganda, na nyuma lilikuwa limepakiwa godoro, sufuria na sanduku. Kwenye kiti mlangoni alikaa dereva wake, amekasirika, mikono imeshanawishwa. Nekesa alitukimbilia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama amekataa kuondoka! Dereva amefika saa tatu, mama akasema hakuna mtu anatoka kwake na mdomo mkavu, lazima achinjiwe. Nikasema sawa, wapi jogoo? Ati hajamshika. Ati macho yake haioni jogoo! Tumekimbiza huyo jogoo mpaka saa tano. Sasa ndio anapika, na kila nikiuliza, anasema bado haijaiva."

Chakula kilichotuchelewesha njia nzima ndicho kilichomzuia Mama Wafula asivuke.

Tulimsaidia mama kushuka. Mama Wafula alikuwa jikoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, uso umegeuzwa kwenye mlango, akisikiliza. "Huyo ni nani anaburuta mguu wa kushoto?" aliuliza. "Ni Mama Nyambura."

"Ni mimi," alisema mama.

"Umechelewa."

"Gari."

Wakashikana mikono hapo mlangoni. Nilingoja hotuba. Niliijua kwa moyo, ningeweza kuisema mimi. Mama alifungua mdomo, akaufunga, machozi yakamtoka, akaufungua tena, hakuna kilichotoka. Dereva alipiga honi. Alikuwa ameinuka na kwenda garini kabisa, na Nekesa alisema, "Mama, kweli sasa, mpakani kuna foleni."

Mama Wafula alimketisha mama mezani kwa kupapasa. Alileta sufuria ya kuku mwenyewe, akaiweka kwa dereva aliyeitwa arudi. Kisha akaleta bakuli dogo lililofunikwa. "Hii ni yako," alimwambia mama. "Ni maharagwe. Ulifikiri sijui? Miaka yote hiyo nikileta kuku, nikisikia watoto wako wakipigania mifupa nyuma ya nyumba?"

"Mbona uliendelea kuleta?"

"Ningekuletea nini? Wewe ni mgeni wangu."

Mama aliliangalia bakuli la maharagwe. Alilisukuma mpaka mbele ya dereva, akavuta sufuria ya kuku kwake. Alichukua paja. Mama Wafula hakuona, aligeuza sikio tu. Na mama yangu, ambaye hajawahi kuonja kuku katika miaka themanini na mitatu, alikula lile paja, polepole, na meno machache aliyonayo, akanyonya mfupa, akauvunja ncha kwa makusudi ili usikike.

Mama Wafula aliweka mkono mdomoni. Kisha akasema, "Ongeza mchuzi." Mama akaongeza.

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa nimechoka sana, na sikutaka dereva wa Uganda anione nikilia na uso wa mafuta ya gari.

Kurudi

Walivuka daraja saa saba na nusu, na viazi vyetu, na kabichi. Wafula alikwenda nao hadi upande wa pili kuwasaidia, alisema angerudi kwa njia yake. Mama alisimama barabarani mpaka gari jeupe likapotea nyuma ya malori, kisha akaomba tuondoke.

Tulipita Sirisia, mkoba wake mapajani. "Kuku yenyewe ilikuwa na chumvi nyingi," alisema. "Haoni chumvi anayoweka."

"Lakini ulimaliza."

"Nilimaliza."

Mbele kidogo ya hapo gari likazima. Nilivuta breki, nikafungua mlango, nikainama kuchukua mtungi wa maji na kile kitambaa. Mama alinishika mkono wa gauni.

"Wacha ipoe yenyewe," alisema. "Sasa tunakimbilia nini?"

Nilirudi nikakaa. Tulifungua madirisha yote mawili, tukangoja.